Binti wa Angani na Amina ya Babu

Nimeshtuka, ndugu yangu, na mpaka leo sijatulia. Mimi ni mtu mzima, nimezika wazazi, nimeozesha watoto, nilidhani mambo ya kunishtua yamekwisha. Kumbe bado! Nilikuwa natoka Bweri kumsalimia mwanangu, nikapita Nyakato kutafuta viatu vya mtumba, nikamkuta kijana ametandika turubai, nguo upande huu, vitabu vya Kizungu upande ule. Juu kabisa ya rundo la vitabu, kwenye jalada, alikuwa yule binti. Kofia ya chuma yenye kioo usoni, nywele zimeziba jicho moja, nyuma yake nyota tupu. Nilipiga kelele mpaka kijana akadhani nimekanyaga msumari.

"Mama, vipi?"

"Huyu namjua," nikamwambia. "Huyu tumekua naye."

Alicheka, akaniuzia, na wala sikubembeleza bei. Nilikiweka kwenye mkoba kama mtu aliyemwokota mtoto wake stendi. Lakini ili uelewe kilichonipata nilipokisoma, lazima nikurudishe Butiama, kwa bibi na babu, miaka ile dukani mlikuwa na rafu na muuzaji, basi.

Sisi tulikuwa tunakaa Kamunyonge, baba akifanya kazi kiwandani. Mjini njaa ilibana. Sukari foleni, sabuni foleni, unga wenyewe ni ule wa mahindi ya njano ambao ukiusonga unanuka ghala. Baba akaona bora nipelekwe kwa wazazi wake, huko angalau muhogo upo. Na kweli ulikuwepo. Nilikula ugali wa muhogo na mtama, mweusi, unaonata, kwa dagaa au kwa furu waliokaushwa, vile visamaki vidogo vya ziwani vyenye miiba kuliko nyama. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Chai tulikunywa bila sukari, na bibi alisema ndiyo inasafisha koo.

Babu alikuwa mzee wa kanisa, na kazi yake aliyoipenda kuliko zote ni kutunza taa. Kanisa lilikuwa na karabai moja. Aliifuta kioo, alibadilisha utambi wake ule wa kitambaa, aliipampu mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mafuta ya taa yakipatikana ushirika yalikwenda kanisani yote. Nyumbani tulikula kwa mwanga wa moto wa jikoni, na ukiuliza unaambiwa uone kwa mikono. Hakuwa mkali kwa fimbo. Alikuwa mkali kwa maneno machache. Siku moja walipomzungumzia binti wa jirani aliyeolewa na mtu wa dini nyingine, babu alisema, "Wangu akitoka nje ya kanisa, na mimi nimetoka kuwa baba yake." Akaendelea kula.

Shangazi alikuwa palepale, anachota mboga. Mkono ulisimama.

Shangazi yangu, mdogo wa mwisho wa baba, alikuwa amemaliza kidato cha nne na amerudi nyumbani kusubiri, hajui anasubiri nini. Na alikuwa anampenda fundi cherehani. Huyu fundi alikuwa Muislamu wa Bunda, alikuja kila siku ya mnada na cherehani imefungwa nyuma ya baiskeli. Nguo mpya hakuna aliyekuwa nazo, kwa hiyo kazi yake ilikuwa viraka. Alikuwaga mpole, kofia yake imeshonwa vizuri, na akikuwekea kiraka unatafuta kilipo hukioni. Mimi nilijua mambo yao mapema, maana hakuna gauni duniani linalochanika kila mnada mahali pale pale. Bibi nilidhani hajui. Bibi hakwenda shule, hakusema sana, na "l" kwake haikuwepo kabisa. Mlango ulikuwa mrango, kulala kulikuwa kurara.

Fundi alinunuaga karatasi kuukuu za kufungia nguo za wateja. Katika karatasi hizo akakuta kitabu kizima, cha Kiingereza, jalada limechanika nusu, jina halisomeki, picha tu ya binti mwenye kofia ya chuma. Akampa shangazi. Wengine wanapewa khanga, shangazi yangu alipewa kitabu cha watu wa angani!

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwamba mpana tuliokuwa tunaanikia muhogo. Jumamosi mchana tulikaa pale, mimi na binamu zangu, bibi na kisu chake, tunamenya, na shangazi anatusomea kwa Kiswahili. Alikuwa anaangalia ukurasa kidogo, halafu anaangalia vilima, halafu anasema. Tulisikia kwamba kuna watu waliopanda chombo zamani sana, wakaenda angani kutafuta nyota waliyoahidiwa na Mungu wao. Wanaitwa watu wa Nuru. Humo ndani kuna taa isiyotakiwa kuzimika, na Binti ni mtoto wa mtunza taa. Siku moja chombo kingine kinakuja kugonga mlango, kimeharibika, hewa inawaishia. Hao ni watu wa Mwezi, wanasali kwa namna nyingine. Binti anazungumza na kijana wao kupitia kioo, anampenda. Akifungua, amemsaliti baba yake na taa. Asipofungua, kijana atakufa mbele ya macho yake.

Tuligombana, wewe! Binamu mmoja alitaka afungue, mwingine alimwita Binti msaliti, wakarushiana maganda ya muhogo. Lakini hakuna aliyeshikwa na hadithi ile kuliko bibi. Maswali yake hayakuisha.

"Huko juu wanakura nini?"

"Vidonge, mama."

"Masikini. Na huyo baba, anamupenda mtoto wake?"

"Anampenda. Ila anaipenda na taa."

Bibi alitikisa kichwa, akachukua muhogo mwingine. "Basi tumuombee," alisema, na sisi tukacheka mpaka tukaangusha ungo.

Tungejua.

Jumapili moja alikuja mchungaji mgeni, kutoka mbali, yeye hatujui, sisi hatumjui. Kanisani kwetu, baada ya nyimbo, mchungaji aliulizaga nani ana hitaji la kuombewa. Mtu anasimama, anasema, mchungaji anaomba. Halafu mzee wa kanisa, yaani babu, ndiye anaitikia "Amina" wa kwanza, na kanisa zima linafuata. Asipoitikia yeye, hakuna anayefungua mdomo. Ombi linabaki linaning'inia hapo. Sijawahi kuona utaratibu huo mahali pengine, lakini kwetu ulikuwa hivyo.

Bibi akasimama. Bibi, ambaye tangu nimjue hajawahi kusimama! Alikuwa na gauni lake la kanisani, lenye viraka vya fundi ambavyo huvioni.

"Bwana asifiwe. Mimi naomba tumuombee binti mmoja. Jina simutaji, yuko huko juu. Baba yake ni mutunza taa, mutu wa Mungu kabisa. Sasa huyu binti anapenda kijana wa watu wa Mwezi. Anataka kumufunguria mrango, rakini anaogopa baba yake atamukataa. Naomba Mungu amupe baba yake moyo wa kumupokea mutoto."

Akakaa, akatengeneza kitambaa chake.

Loo! Vichwa viligeuka, kanisa zima, vikaitazama karabai iliyoning'inia juu ya madhabahu, kisha vikamtazama babu, kisha vikamtafuta shangazi. Shangazi alikuwa ameuma pindo la khanga. Nilitaka kusimama niseme jamani, ni hadithi, ni ya kwenye kitabu, bibi amechanganya! Lakini mtoto hasimami kanisani. Na mchungaji masikini, asiyejua lolote, alifumba macho akaomba kwa nguvu zote. Aliomba mlango ufunguke. Aliomba baba yule asije akaokoa taa na kumpoteza mtoto. Aliomba mpaka jasho likamtoka, akamaliza, akasubiri.

Babu alikuwa amesimama mbele, mikono nyuma. Nilimwona shingo. Mshipa ulikuwa umemtoka. Mchungaji akafumbua jicho moja. Mtoto mchanga akalia nyuma, akanyamazishwa haraka kwa ziwa. Nilidhani babu atatoka nje, na nilijua akitoka basi shangazi hana tena baba, maana alishasema mwenyewe, na babu hakuwa mtu wa kusema halafu asifanye.

"Amina," babu akasema. Sauti haikuwa yake.

Na kanisa likaitikia kwa kishindo, ungedhani ni Krismasi.

Njiani wanawake walimzingira bibi. Ulikuwa unamsema binti yako? Bibi akawashangaa. "Binti yangu? Ninyi nanyi! Nasema yure wa kwenye kitabu. Wa angani." Walishikana mabega kwa kicheko. Babu alikuwa mbele yetu, anatembea peke yake, hakugeuka. Nyumbani hakugusa chakula, hakumtazama mtu, alikaa na karabai yake anafuta kioo kilichokuwa safi tayari. Mwisho alimwita shangazi, na sisi tukajibanza nyuma ya ukuta wa jiko. Tulisikia maneno manne tu: "Nimeitikia mbele ya kanisa." Hayo yalitosha. Kwa babu, amina aliyoitoa haikuwa na kurudi nyuma.

Walifunga ndoa bomani, kila mmoja na dini yake, wakakaa Bunda. Kwenye sherehe babu hakusema hotuba. Alikaa uani, umeme hakuna, akapampu karabai ya kanisa mpaka watu walipokwisha kula. Mafuta ya kanisa yale! Baadaye ruksa ya kuingiza bidhaa ikaja, maduka yakajaa, mitumba ikamwagika mpaka watu wakasahau viraka, na fundi akageuka kupunguza suruali za Wazungu. Alimpenda shangazi hadi siku tuliyomzika yeye fundi.

Na mimi, miaka yote hiyo, nimekuwa nasimulia habari ya bibi aliyeliombisha kanisa zima kwa ajili ya mtu wa kwenye kitabu. Harusini nimesimulia, misibani nimesimulia. Watu wanashika mbavu. Bibi mwenyewe alikuwa anasikiliza, anatabasamu, anaendelea na muhogo wake.

Sasa nimekisoma kitabu. Kiingereza changu cha ofisini kinanitosha. Ndugu yangu, hakuna mtunza taa! Nimegeuza kurasa mbele na nyuma, hakuna. Baba wa Binti alishakufa kabla ya ukurasa wa kwanza. Watu wa Mwezi hawapo. Kijana wa kupendwa hayupo. Kuna Binti aliyekula kiapo cha hekalu la humo chomboni, na kuna kaka yake aliyejiunga na waasi. Kaka anakuja mlangoni, hewa imemwishia, anagonga. Na Binti, kwa ajili ya imani yake, hafungui. Anasimama anasali, kaka anagonga, anagonga, mpaka anaacha. Nilikitupa kile kitabu sakafuni.

Kesho yake nilikuwa Bunda. Shangazi alikuwa uani anapepeta mtama, mzee sasa, macho yamefifia. Nikamwekea kitabu mapajani. Alipapasa jalada muda mrefu.

"Umempata wapi?"

"Shangazi, ulitudanganya! Mtunza taa ulimtoa wapi?"

Akacheka, kisha akafuta macho kwa khanga.

"Si mimi niliyemtia," alisema. "Nilikisoma chote peke yangu kwanza, nikalia. Mama akanikuta. Nikamsimulia kama kilivyo, mpaka pale kaka anapogonga. Nikamwambia, mama, na mimi ndiyo nitafungiwa hivi. Nikamtajia fundi. Kumbe alishajua. Akakaa, akamenya mihogo yote ya kwenye ungo. Halafu akasema, huyu mtoto tumubadirishie. Mpe baba. Baba yake awe mutunza taa. Na wewe uwe unawasomea watoto, kira Jumamosi, na mimi nitakuwepo."

Nilikaa chini, kwenye vumbi.

"Kwa hiyo pale kanisani…"

"Alikuwa anajua kila neno."

"Na tumemcheka miaka yote! Mimi nimemcheka! Mbona hamkusema?"

"Alinikataza. Alisema, wacha wanicheke mimi. Wakijua nina akiri, watamucheka baba yako."

Nimepita Butiama nikirudi. Mwamba wetu umepasuliwa kokoto, limebaki shimo la maji ya mvua. Kanisa lina umeme na spika mbili kubwa, na hitaji la kuombewa linatumwa kwa simu. Karabai hakuna anayejua ilikwenda wapi. Bibi na babu wamelala upande kwa upande, na nyasi zimeota.

Juzi nilikuwa msibani, Kamunyonge. Mtu akanipiga bega: hebu, tuchekeshe, tupe ile ya bibi yako na binti wa angani. Watu wakasogea karibu, wameanza kutabasamu tayari. Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza sikujua nani katika ile hadithi wa kumcheka.