Kidole Kwenye Mpichi wa Chantal

Nilipokuwa mtoto huko Nyakabuye, niliua matunda manane kwa kidole. Sisemi kwa majivuno, ingawa siku ile nilijivuna.

Familia yetu ilikuwa imerudi kutoka Bukavu, na mama alikuwa akivuka mpaka wa Rusizi I kupeleka huko mchele wa Bugarama. Jioni moja alirudi na mapichi mawili, yale matunda ya kokwa yenye manyoya laini: moja langu, moja la mdogo wangu Chantal. Koko, mama yake baba, alitukataza kutupa kokwa. Kila mmoja apande lake nyuma ya jiko.

Chantal alifukia lake akaenda kucheza. Mimi nililifukua langu kila asubuhi nione kama limeota. Subira huvuta heri, lakini nani alikuwa na subira? Kokwa langu lilioza. La Chantal likaota.

Roho iliniuma, nakiri. Mti uliitwa mpichi wa Chantal, na maji ya kuumwagilia nilichota mimi. Mwaka wa tatu, mwanzo wa kiangazi, ulizaa kwa mara ya kwanza. Wageni wakaanza kupelekwa nyuma ya jiko kuuona, na Chantal akisifiwa kwa mkono wake mzuri. Mimi nilisimama kando na ndoo.

Koko alituita wote wawili chini ya mti.

“Tunda ikiwa ingali mutoto, habaionyeshake kidole,” alisema. “Bafunga mukono. Kidole inaiozesha.”

Akatuonyesha jinsi ya kuelekeza kwa ngumi. Nilisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza katekisimu.

Jumapili, wengine wakiwa mezani, nilitoka. Nikanyoosha kidole, tunda moja baada ya jingine, bila haraka, hadi la nane. Halafu nikarudi kula, na nilikula vizuri.

Kabla wiki haijaisha, yote manane yalikuwa chini, meusi na laini. Koko aliuliza nani alinyoosha kidole. Nikatazama miguu yangu. Chantal aliyaokota tu akayafukia.

Lakini kulikuwa na la tisa, lililojificha nyuma ya majani, ambalo sikuliona. Hilo likaiva. Chantal alilipasua mbele ya watu wote, akanipa kipande kikubwa, pamoja na kokwa. Nilikula. Lilikuwa tamu, na utamu wake uliniudhi.

Kokwa lile nililipanda, na safari hii sikulifukua. Lilinipa mti, na mbegu za mti huo nimezihamishia hapa Kamembe, kwenye bustani yangu nyuma ya nyumba, katikati ya vitunguu na mchicha. Siku hizi najua kwamba mti mchanga hudondosha matunda yake ya kwanza, na kwamba kuna nzi wanaotaga mayai ndani yake. Najua yote hayo, na bado naonyesha kwa ngumi.

Mwezi uliopita Chantal alivuka kutoka Bukavu, anakoishi na mumewe, akaja na binti yake mdogo. Mtoto aliona mapichi yangu mabichi, akanyoosha kidole. Niliukamata mkono wake kwa nguvu kuliko ilivyopaswa. Chantal akacheka mpaka akakaa chini.

“Yaya, siku ile nilikuonaka,” alisema; ndivyo anavyoniita, mimi mkubwa wake. “Nilikuwa ku dirisha ya jikoni.”

Nilihisi uso unawaka, mtu mzima mimi. Nikamwuliza kwa nini basi alinipa kipande kikubwa.

“Wivu ilikuwa imekukondesha sana,” alisema, akaendelea kumfuta mtoto vumbi.

Miaka yote hiyo nilidhani nilimwonea wivu kwa sababu ya mti. Mti sasa ninao, unazaa kila mwaka, na bado ninamwonea wivu mdogo wangu.