Vitambaa Alivyochungiwa Kambo

Makumbusho ya sanaa za nyumbani ya hapa Lubumbashi yalikuwa yamefungwa muda mrefu hivi kwamba wengi wetu tulidhani ile nyumba yenye baraza pana ni ya mtu aliyehamia Ulaya. Yalipofunguliwa tena sikuwa na haraka ya kwenda. Kikombe kikiwa jikoni kwetu ni kikombe, kikiwa nyuma ya kioo ni sanaa. Nani aliamua? Aliyenipeleka ni kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na yeye hakwenda kutazama. Alikwenda kuchukua vitu vyake.

Kabla ya kufungua, watu wa makumbusho walipita parokiani wakiomba vitu vya zamani. Kambo aliwapa vitambaa vyake vyeupe vya kutandika kwenye migongo ya viti vya sebuleni. Alividarizi alipokuwa ameolewa karibuni, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, ambako masista waliwafundisha wanawake kushona. Kila kitambaa kina kanga wawili wa uzi wa buluu, wametazamana kama majirani waliokosana. Wale watu walimwambia, kwa adabu kabisa, kwamba watamchungia.

Tatizo lilianzia hapo. Mjini kwetu, ukienda Kasumbalesa kwa siku chache, unamwachia jirani pasi yako akuchungie. Ukirudi unabisha hodi, unaichukua, mnaongea kidogo, basi. Kambo alisikia neno hilo akatulia. Watu wa makumbusho walitumia neno lilelile wakimaanisha kuhifadhi, tena milele.

Familia ya mchumba wangu ilikuwa inakuja kwetu kwa mara ya kwanza siku ya posho, yaani Jumamosi. Wao ni watu wa Kasai, wafanyabiashara, wanaovaa vizuri hata wakienda sokoni. Nilimwambia kambo kwamba wanakuja kuona watu, si viti. Alinitazama kwa huruma. Miaka mingi alikuwa amesema wakwe wa mjukuu wake wa kwanza watapokelewa na kanga wale, na kwake kuwakalisha wageni hao kwenye viti vitupu ilikuwa sawa na kuwafungulia mlango akiwa na nguo ya kulalia. Basi Alhamisi tukaenda, yeye na kikapu kitupu, mimi na maswali yangu.

Nilifurahi kuliko nilivyopanga. Chumba cha kwanza kilikuwa cha shaba: masinia yaliyofuliwa kwa nyundo, vinara, tembo mdogo aliyechoka. Kilichofuata kilikuwa cha malakiti, jiwe letu la kijani, limechongwa visahani vya majivu ya sigara ambavyo sijui nani alithubutu kuvitumia. Halafu ukuta mzima wa mabeseni ya bati yenye maua. Mbele ya beseni moja nilicheka peke yangu, maana ndilo ninalofulia. Kambo hakusimama popote.

Chumba cha mwisho walikuwa wametengeneza sebule ya kambi, na redio yake na meza yake ndogo. Kwenye mgongo wa kila kiti walikuwepo kanga wa buluu. Mbele ya vyote kulikuwa na kamba nyekundu. Kambo aliwatazama kanga kwa muda, kisha akainama, akapita chini ya kamba.

Mlinzi alikohoa. Mkuu wa makumbusho, mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa dada yangu, alikuja akitembea haraka na kutabasamu kwa wakati mmoja.

“Nilikuya kukamata bitambaa byangu,” kambo akamwambia. “Aksanti sana ya kunichungia.”

Mkuu akaeleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, habari za jua, nondo na vumbi. Vitambaa sasa vilikuwa mali ya kutunzwa kwa ajili ya watu wote.

“Tuko nabichunga muzuri, kambo.”

“Naona. Kuchunga gani ile haina kurudisha?”

Nilitamani ningeuliza mimi. Kambo akamweleza kwamba wakwe wanakuja Jumamosi, na mkuu akauliza: siku hiyo kutakuwa na chakula? Kambo hajawahi kudanganya kuhusu chakula. Akataja kuku, bukari, yaani ugali, na sombe, kisamvu chetu cha mawese. Alipofika kwenye mawese sauti ilipungua, na nilijua anayaona yakishuka juu ya kanga. Hata hivyo hakutoka. Alibaki upande wa pili wa kamba, kikapu mkononi.

Mimi nikichoka huongea kwa kejeli. “Basi bakwe bakuye huku huku,” nikasema. “Tutabakatia tiketi.”

Hakuna aliyecheka. Walitazamana wale wawili, na mkuu akamuuliza kambo, “Beko bangapi?”

Nilipompigia mchumba wangu kumweleza, aliuliza kama ninawapima watu wake. Nilimjibu kwamba ni mpango wa kambo. Akasema kama ni wa kambo, sawa.

Masharti ya mkuu yalikuwa chakula kiliwe barazani, na viti vya maonyesho visikaliwe. Jumamosi tulipanga viti vya plastiki mbele ya kamba, vikiwaelekea kanga. Nilidhani kambo atalalamika. Alisema ni afadhali, kwa sababu mgeni akikiegemea kitambaa hakioni.

Baba mkubwa wa mchumba wangu, msemaji wao, alikuja na hotuba ndefu. Katikati macho yake yakaenda kwa kanga, akapoteza njia, ikabidi aanze upya. Mama mkwe alikuwa akisoma maandishi ya ukutani: kazi ya mke wa mfanyakazi wa reli. Akauliza huyo mke alikuwa nani.

“Ni miye,” kambo akasema. “Jina ndiyo balisahau.”

Vifijo vilimfanya mlinzi aje kuchungulia. Kisha mama mkwe akanigeukia mimi: na huyu, anajua kushona?

“Huyu anajua kuuliza,” kambo akajibu.

“Shiye pia tuko na wa hivyo nyumbani,” mama mkwe akasema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. “Bataulizana bo bawili.”

Tulikuwa bado tunacheka, mara mume na mke waliokata tiketi zao wakasimama mlangoni, yeye mume na kamera shingoni. Walimuuliza mlinzi kama onyesho hili la sebule hufanyika kila Jumamosi. Kabla hajajibu, kambo alikwishaagiza waletewe viti upande wetu. Walikaa mpaka mwisho, wakala sombe barazani, na zamu ya hotuba ilipowafikia yule mume alisimama akasema maneno mazuri sana kuhusu ndoa. Mpaka leo mama mkwe hunituma nimsalimie yule mjomba wangu mwenye kamera, na mimi, nisiyejua hata jina lake, hupokea salamu.