Nta kwenye Kifuniko cha Tangi

Wiki iliyopita gari langu lilikataa kuwaka pale Kanyenye, mjini Tabora, mbele ya duka la vitenge. Ni gari la mtumba, limelelewa na watu wengine kabla yangu, na nimeshazoea deko zake. Akaja fundi kijana mwenye kifaa kama simu, akachomeka waya chini ya usukani, akasubiri. Kioo kikaandika herufi moja na tarakimu nne. "Sensa imekufa, mama," akasema. Boneti hakuwa hata ameigusa. Akamtuma mwenzake akalete nyingine, nami nikabaki kwenye jua la asubuhi nikitazama mikono yake safi. Kutoka nisikokujua, ikanijia harufu ya nta.

Ngoja nikusimulie nta hiyo ilitoka wapi.

Nililelewa na bibi na babu, kule Itetemia, wakati nyumba zilipokuwa chache na shamba la karanga lilianzia nyuma ya jiko. Katika majira ya kurina, asali ilishuka kutoka msituni kwa madebe, na kwa siku kadhaa nyumba nzima ilinukia moshi mtamu. Bibi alikamua masega kwa kitambaa, akayeyusha mabaki kwenye sufuria nyeusi, na nyuki wachache walizunguka mlangoni polepole, kama wageni waliosahau walichokuja kusema. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, tukivichovya kwenye povu la asali. Kazi yangu ilikuwa kuziba makopo. Nilichukua nta ya vuguvugu, nikaifinyanga, nikaikandamiza kwa dole gumba kuzunguka kila kifuniko. "Tundu dogo ndio mlango mkuu wa sisimizi," bibi alikuwa akisema, nami nilimwamini kama nilivyoamini kuwa jua litachomoza.

Babu alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua kwa bwana misitu mmoja aliyestaafu. Rangi yake ilikuwa imebaki pale tu ambapo jua halikufika.

Siku moja utingo wa basi alileta ujumbe kutoka Nzega. Dada yake bibi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa hali chakula tena, na jina la bibi lilikuwa mdomoni mwake muda wote. Babu akaenda kujaza tangi hadi shingoni. Bibi akachagua asali iliyo nyepesi kuliko zote, akanipa kopo nilizibe. Nilipomaliza nilibaki na kidonge cha nta mkononi, bado laini. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando yangu. Katikati ya kifuniko cha tangi niliona kitundu chembamba kama cha sindano. Nikakiziba vizuri, nikakandamiza kwa dole gumba, nikajiona mtoto mwema.

Asubuhi tuliondoka, wao mbele, mimi nyuma na makopo. Pikapu ilivuma hadi Kanyenye, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Babu akapiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka. Bibi alilishika kopo lake mapajani kwa mikono miwili, akatazama mbele.

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na gereji ya mzee mmoja mwenye kofia ya kiua iliyodariziwa. Alikuwa Mzaramo, mjukuu wa watu waliofika Tabora na misafara wakabaki. Unajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu njia ya kwenda pwani ilipokuwa ya miguu. Wazee hawa wawili hawakupoteza muda kwa salamu.

"Ninyi mmezoea kubeba mizigo begani," fundi alisema akifungua boneti. "Nani aliwadanganya mnunue gari?"

"Tengeneza, acha maneno. Babu zako walituuzia maji ya kisima tulichokichimba sisi."

"Na mkayanywa."

Bibi akateremka. "Shemeji," alisema taratibu, "dada yangu ananingoja Nzega. Sijui ataningoja mpaka lini."

Fundi akaacha kucheka. "Gari linataka moto, mafuta na pumzi," akasema. "Tuulize kimoja kimoja."

Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma. Cheche ya buluu ikaruka. Moto ulikuwapo. Akamimina petroli kidogo kwenye kabureta. Injini ikaamka, ikanguruma kidogo, ikalala tena. Basi mafuta hayafiki. Akachomoa mpira wa mafuta, akavuta kwa mdomo mpaka mashavu yakabonyea. Hakuna kitu. "Limejaa na halitoi," akanong'ona. "Bahili kama mwenyewe."

Kisha akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali. Akalizunguka gari mpaka kwenye tangi, akafungua kifuniko. Ikasikika pumzi ndefu, kama ya mtu aliyepiga mbizi na sasa ameibuka. Tangi lililokosa hewa ndilo lililokuwa limeyashikilia mafuta. Mpira ukaanza kudondosha mafuta mchangani.

Nilikuwa nimesimama karibu yake. Aligeuza kifuniko juani, akaona nta, na juu ya nta akaona alama ya dole gumba, ndogo kama punje ya harage. Akatazama mikono yangu, iliyokuwa bado na umanjano kwenye kucha. Kwa mara ya kwanza maishani nilijua kwamba naweza kuwa chanzo cha jambo lisilorudishika.

Fundi akaibandua nta ile, akaiviringisha kati ya vidole vyake mpaka alama ikapotea.

"Mtani," akaita kwa sauti ya kusikika gereji nzima, "gari umelidhani mzinga? Umeliziba pua kwa nta, uliogopa nyuki watatoka?"

Mafundi wakacheka. Babu akafungua mdomo kukataa, akaiona nta, akanitupia jicho mara moja. Mtu hamkasirikii mtani wake.

"Uzee," akasema. "Funga boneti, tunachelewa."

Fundi akajichukulia kopo moja la asali nyuma ya gari bila kuomba, kwani ndiyo haki ya mtani, nasi tukaondoka.

Tulimkuta dada yake bibi macho. Bibi alipasua nta yangu kwa ukucha, akamlambisha asali kwa ncha ya kidole, na wakazungumza Kinyamwezi mpaka kivuli cha nyumba kikafika jikoni. Asubuhi yake dada yake hakuzungumza tena. Mchana ule mmoja ndio waliokuwa nao.

Shamba la karanga sasa limejaa nyumba, na palipokuwa na gereji wanauza chaji za simu. Wazee wale wote wamelala. Babu hakuniuliza lolote kuhusu nta, lakini Kanyenye walimwita Mzee Mzinga mpaka anazikwa, naye aliitika kila mara.

Kijana alipomaliza kufunga sensa mpya, gari liliwaka. Akabonyeza kifaa chake, akanigeuzia kioo.

"Kosa nimelifuta, mama. Halionekani tena."

Nikamshukuru. Nilipoondoka, nilikuwa nimelifumba dole gumba ndani ya kiganja.