Wasichana Wawili, Jina Moja

Programu mpya ya rekodi za wagonjwa ilipoletwa hospitalini kwetu Runyenjes, wenzangu wa ofisi ya rekodi walifurahia rangi zake na vitufe vyake. Mimi niliiogopa tangu siku ya kwanza. Ile ya zamani ilikuwa skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, sura mbaya kabisa, lakini nilijua kilichokuwa ndani yake.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba. Mume wangu na kaka yake walipata mabinti mwaka mmoja, basi wasichana wawili wakabeba majina yale yale mpaka la ukoo. Zamani tuliwatenganisha kwa kuandika jina la mama pembeni. Programu mpya haikuwa na nafasi ya mama. Rekodi zilipohamishwa, ilidhani tumemwandika mtu mmoja mara mbili, ikawaunganisha.

Niligundua asubuhi moja nilipomtafuta binti yangu kwenye programu hiyo, ili tu nizoee vitufe vyake. Akatokea msichana mmoja. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya binamu yake, na kwenye mzio paliandikwa: hana. Wangu penisilini nusura imuue akiwa mdogo.

Muda mfupi kabla ya hapo mwalimu wake wa bweni alikuwa amenipigia simu kwamba koo limemvimba, anampeleka kliniki yetu ya Siakago. Na Siakago wanatazama rekodi hizo hizo.

Nikapiga simu, ikakatika. Nikapiga tena, nesi akapokea.

"Ngoja kidogo madam, kuna msichana hapa anasumbua. Anaogopa sindano, tunamshika."

"Sindano ya nini?"

"Penisilini. Anasema ati ako na aleji, lakini hapa kwa kompyuta inaonyesha hana."

Nilipiga ukelele ofisi nzima ikasimama. "Mwachilieni! Huyo ni wangu! Msimdunge!"

Nikasikia sindano ikirudishwa kwenye sinia, na mtoto wangu akilia. Nami nikalia, bila aibu yoyote.

Alasiri fundi alikuja kuiondoa kompyuta yenye ile programu ya zamani. Nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta hiyo na sikubanduka.

"Mama, watu wote wako kwa hii mpya," akaniambia kwa upole.

Nikamweleza yaliyotokea, halafu nikamuuliza mtoto wake ana binamu wangapi wenye jina lake. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Akavuta kiti, akaniomba nimtafutie kwenye ile ya zamani mwanawe, yule mwenye pumu.