Breki Mbili za Fridah

Fridah Nabwile alifundishwa ufundi wa baiskeli na mjomba wake, Wakoli, katika kibanda cha mabati nyuma ya soko la Kitale. Alipotimiza miaka thelathini mjomba alimkabidhi funguo, mzee mwenyewe akahamia kwenye benchi la nje kupiga gumzo na wateja. Wengi walikuwa wakulima wanaobeba maziwa kwa baiskeli nzito zenye keria ya chuma. Wote walijua kwamba gurudumu likishapita mikononi mwa Fridah halitingishiki.

Kila Jumapili, baada ya kanisa, Fridah alichukua baiskeli nyingine kabisa, ndogo na isiyo na kiti, akaenda nayo kwenye miamba ya upande wa Kiminini. Baiskeli hiyo ni ya mchezo ambao hauna mbio. Mchezaji hurukaruka nayo juu ya mawe na magogo bila kuweka mguu chini, na kila mguu unapogusa ardhi anahesabiwa kosa. Anayemaliza na makosa machache ndiye mshindi. Mara nyingi mtu husimama kwa gurudumu la nyuma peke yake juu ya jiwe lisilozidi upana wa sufuria, na hapo kinachomshikilia ni breki tu.

Mwezi wa Aprili mwaka jana, kwenye mashindano ya Bungoma, breki hiyo haikumshika. Manyunyu yalikuwa yameanza. Fridah aliruka, akatua kwa gurudumu la nyuma, akabana breki, na gurudumu likazunguka kidogo tu, kama upana wa vidole viwili. Alianguka katikati ya mawe na mkono wa kushoto ukavunjika karibu na kiganja.

Alikaa na plasta wiki saba. Ilipotolewa alirudi kazini, lakini baiskeli yake ndogo aliitundika ukutani na hakuigusa tena. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba breki za rimu ndizo zilizomwangusha. Breki hizo hubana ukingo wa gurudumu kwa vipande viwili vya raba, na ukingo ukilowa, raba huteleza. Kama angekuwa na breki za diski, alisema, zile zinazobana kisahani cha chuma katikati ya gurudumu, asingeanguka. Alilisema jambo hilo mara nyingi hadi wateja wakaacha kuuliza.

Februari mwaka huu mwandalizi wa mashindano, karani mmoja wa Bungoma aitwaye Hesbon, alimpigia simu. Mashindano yangefanyika tena Aprili. Fridah alimjibu kwamba atakuja akipata diski, na siku iliyofuata akaenda Bungoma kuzitafuta.

Duka la spea za baiskeli analoliamini liko karibu na msikiti, na mwenyewe ni Sabiha, ambaye kila mtu humwita Mama Nimo. Hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake, lakini ameuza spea zaidi ya miaka ishirini na husikiliza kila fundi anayeingia. Alitoa diski mbili, ya mbele na ya nyuma, akaziweka juu ya meza. Kisha, kabla hajazifunga, akamtaka Fridah amweleze vile alivyoanguka. Fridah akaeleza kama alivyozoea, mvua, jiwe, breki za rimu.

Mama Nimo alimwacha amalize.

"Nyinyi watu wa huo mchezo si huwa mnakwaruza rimu na mashine ya grinda, ndio raba ipate kushika?"

"Ndiyo, mama."

"Yako ulikuwa umekwaruza lini?"

Fridah alitazama zile diski. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo, hata mjomba wake. Rimu ya baiskeli hiyo alikuwa ameikwaruza kabla ya Krismasi, miezi minne kabla ya mashindano. Msimu huo wateja walikuwa wengi, alitengeneza baiskeli za watu mpaka giza liingie, na yake aliiona inaweza kungoja. Siku aliyoanguka rimu ilikuwa laini kama sahani ya kulia. Alijua hivyo hata kabla ya kupanda.

"Ilikuwa imeisha," alisema. "Nilijua, na nikapanda hivyo hivyo."

Mama Nimo hakumlaumu. Alisema diski nayo ikiingia mafuta haishiki kitu, na kisahani kikipinda kinakwama. Akamwambia achukue zote mbili, azifunge kwenye baiskeli, azijaribu kwenye mawe yake kwa wiki tatu, na asiyoihitaji airudishe.

Fridah aliporudi Kitale aliishusha baiskeli ukutani mchana ule ule. Jambo la kwanza alilofanya ni kumweleza mjomba ukweli kuhusu rimu. Mzee akasema kwamba tangu siku ile alidhani ni yeye aliyemfundisha vibaya kurekebisha breki.

Wiki tatu zile zilimfundisha mengi. Diski ya mbele aliipenda tangu siku ya kwanza. Iliitikia kidole kimoja, kidogo ukitaka kidogo, na tope halikuisumbua. Ya nyuma ilimpa shida. Kila alipotua kwa nguvu alihisi gurudumu likijongea kidogo kabla ya kushika, kana kwamba spoki zinajinyoosha kwanza. Siku ya tisa alitua vibaya, kisahani kikagonga ncha ya jiwe na kupinda. Alikinyoosha kwa spana, lakini kikabaki kikikwaruza.

Basi akaiondoa diski ya nyuma, akatoa rimu yake ya zamani, akawasha grinda na kuipitisha polepole ukingoni mpaka chuma kikawa na makovu mazito kila upande. Akaweka raba mpya. Breki hiyo ilipiga kelele hadi ng'ombe wa jirani wakainua vichwa, lakini ilishika kama kufuli.

Kilichobaki ni maji. Jumapili ya mwisho ya Machi alimwomba mjomba waende pamoja, mzee akiwa na mtungi wa lita tano. Fridah alipanda jiwe refu, akasimama kwa gurudumu la nyuma na kubana breki.

"Mwaga, mjomba."

Mzee alimwaga maji juu ya rimu. Gurudumu halikusogea.

"Mwaga tena."

Alimwaga mpaka mtungi ukaisha, na Fridah alikuwa bado amesimama. Aliposhuka alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na mjomba akajifanya anatafuta kifuniko cha mtungi kwenye nyasi.

Alimlipa Mama Nimo diski aliyoipinda, ingawa mama alikataa mara mbili. Aprili akaenda Bungoma na breki mbili tofauti, diski mbele na rimu nyuma. Vijana wengine waliitazama baiskeli yake na mmoja akamwambia ati hiyo ni githeri, mahindi na maharagwe katika sufuria moja. Mvua ilinyesha kuanzia saa nane. Fridah aliweka mguu chini mara sita, nne kati ya hizo kwa sababu ya woga tu, akawa wa tano kati ya watu kumi na wanne.

Kabla watu hawajatawanyika Hesbon alimwita kando. Alitaka, kuanzia sasa, awepo mtu wa kukagua breki za kila baiskeli kabla ya mchezo kuanza, mtu ambaye atakubali kumwambia mchezaji kwamba hawezi kupanda. Fridah alikubali papo hapo. Mashindano ya Agosti yatakuwa Kitale, kwa mara ya kwanza, na siku hizi yeye na mjomba wake wanazunguka mashambani wakiwaomba wenyewe ruhusa ya kuchukua mawe makubwa ya mchezo. Watu wawili wamekwisha kumpigia kuuliza atakagua nini hasa. Amewaambia walete baiskeli zao mapema.