Makofi Matatu ya Kelera

Anayedhani safari ya kuzamia hupangwa kwa kalamu hajamwona Kelera. Kelera alipanga kwa miguu. Aliingia majini mpaka magotini, akasimama kimya, akarudi kwenye banda langu na kuandika ubaoni: Jumanne, saa tatu na robo, maji yanajaa, mkondo unaingia, dakika arobaini na tano, basi. Miaka ishirini na miwili hakukosea hata robo saa. Na miaka yote hiyo jina lake halikuandikwa popote kwenye hoteli ile, si mlangoni, si kwenye karatasi za wageni. Lilikuwa ubaoni tu, kwa chaki, kwa mkono wake mwenyewe. Hilo linanichoma mpaka leo, na bado sijafika kwenye lenyewe.

Mimi ni Semisi, mjaza mitungi ya hewa. Mama yangu na baba yake Kelera ni tumbo moja, kwa hiyo ni binamu yangu wa utani, na utani wetu huku visiwa vya Lau si wa kubembelezana. Mimi namwita bibi kizee, yeye ananiita kichwa maji. Nikimkuta anakula nampokonya. Akinikuta nimesinzia ananimwagia ndoo ya maji ya chumvi. Kukasirika ni aibu.

Kwa kaka yake Eroni mambo ni kinyume. Kwetu kaka na dada wakishakua hawasemezani. Si ugomvi, ni heshima. Kumsemesha dada yako uso kwa uso ni kumvua nguo. Sasa Eroni ndiye nahodha wa boti ya hoteli na Kelera ndiye mpangaji wa safari, na hoteli iko kisiwa kingine, mbali na kwetu Nukusau. Maneno yote kati yao yalipita kwangu. Semisi, mwambie mafuta yaongezwe. Semisi, mwambie kesho kuna upepo. Nilikuwa mdomo wa wawili, na nilijisifu kwa hilo, mjinga mimi.

Mama yao, Bi Unaisi, ndiye aliyemfundisha Kelera maji. Tangu alipoolewa pale alikuwa akiokota makombe kwenye mlango wa mwamba wa Nukusau, pale bahari inapoingilia, na Kelera akimfuata nyuma na kikapu. Alipofariki, wazee waliufunga mlango ule. Mti ulisimikwa, ukafungwa kitambaa cheusi: usiku mia moja, hakuna ndoana, hakuna wavu, hakuna mtu kuzama. Boti kupita ruhusa, mkono kuingia majini marufuku. Siku ya kufungua, samaki wa kwanza ni wa karamu ya marehemu, na hao ndio wanaolishwa wajomba, watu wa upande wake kutoka kisiwa alikozaliwa, wakija na mikeka yao kumlilia mara ya mwisho. Karamu bila samaki wa mwamba huo ni kumwambia marehemu kwamba hukuwa na kwenu.

Siku ya mazishi Kelera aliniambia hana haja na kitu kingine duniani, usiku mia zitimie tu, wajomba wale samaki wa mama. Basi. Hakuomba dhahabu.

Sasa nimlete Bwana Corbin, mwenye hoteli. Mtu huyu aliinunua hoteli, akakaa nasi miaka kumi na moja, na bado alimwita Kelera "Keli," kana kwamba jina la watu ni kamba ya kukatwa pale inapomfaa. Aliposikia mwamba umefungwa hakutoa pole. Aliuliza utafunguliwa lini. Wiki iliyofuata alikuwa ameshawauzia wageni wanane safari ya siku kumi visiwa vya mbali, na kwenye tangazo aliandika kwamba wataingia wa kwanza kwenye mwamba uliopumzika siku mia moja, samaki wamejaa, hakuna aliyewagusa. Msiba wa mwenzio ukaufanya tangazo la biashara! Nilipomsomea Kelera karatasi ile alikaa chini kwenye gunia la muhogo. Kisha akainuka akaenda ofisini, na tulimsikia mpaka jikoni.

Alimwambia Corbin kwamba mlango ule si wa kuuzwa. Corbin akasema wageni wameshakata tiketi. Wakavutana asubuhi nzima, na mwisho Kelera ndiye aliyempa masharti. Mlango wa Nukusau utakuwa mzamo wa mwisho, Jumanne, baada ya usiku wa mia. Alfajiri kijiji kitafungua na kuvua samaki wa karamu. Saa tatu na robo wageni watazama, wakishangiliwa, na Kelera ataingia kabla yao. Kisha wote watakwenda kijijini, wakae mkekani, wale karamu kama watu. Corbin akakubali, kwa sababu bila Kelera hana safari.

Akaipanga safari kinyumenyume. Ndege inatua Alhamisi tu, na mzamiaji hapandi ndege mpaka apumzike siku nzima, la sivyo damu inamchemka. Kwa hiyo Jumanne ndiyo mwisho, haisogei. Kutoka hapo akarudi nyuma kisiwa kwa kisiwa: wapi pana bamvua, wapi pana maji mafu, wapi mitungi ijazwe, na kila kijiji kipelekewe mzizi wa kava, kinywaji chetu cha heshima, wa kuombea ruhusa. Ubao ulijaa chaki mpaka pembeni. Nikamwambia bibi kizee, umeandika kitabu. Akasema ndiyo, na wewe hujui kusoma.

Wiki tatu kabla ya kuondoka, Eroni alirudi kutoka Nukusau kupeleka mchele. Alikuja kwenye banda langu, akautazama ubao kwa muda mrefu.

"Semisi," akasema, "mwambie mwamba haufunguliwi Jumanne. Wajomba wamekosa meli, inayofuata inawafikisha Jumamosi baada ya Jumanne hiyo. Wazee wamesema mti usiguswe mpaka waje."

Kwetu mtani akibeba neno zito ana namna yake. Anakaa chini, anakunja viganja, anapiga makofi matatu, anamwita mwenziwe kwa jina lake. Hapo kila mtu anajua utani umewekwa kando. Mtoto wa miaka sita analijua hilo, na mimi nina mvi.

Nilimkuta Kelera jikoni akifunga mizizi ya kava kwenye magazeti. Pembeni yake pana sahani ya muhogo wa kuchemsha. Sikukaa. Sikupiga makofi. Nikachukua kipande cha muhogo wake, mdomo umejaa, nikamwambia, "Bibi kizee, wajomba zako wamesinzia pwani, meli imewaacha. Mwamba mpaka Jumamosi, kaka yako kasema."

Akacheka. Kwa nini asicheke? Mwezi mzima nilikuwa namtania kuhusu wajomba wale, mara wamekanyagwa na nguruwe, mara wanakuja kwa kuogelea. Akanitupia ganda la muhogo, akasema, "Wakichelewa nitawapikia wewe, kichwa maji." Nami nikacheka, nikachukua kipande cha pili, nikaenda zangu.

Jioni Eroni akaniuliza kama Kelera amesikia. Nikajibu amesikia. Na ni kweli alisikia. Kila nikikumbuka jibu lile natamani kujizaba kofi.

Safari yenyewe ilikwenda kama alivyoiandika. Huko visiwani simu haishiki, na hakuna aliyeihitaji. Siku nane, visiwa sita, mizamo kumi na mitano, wageni wakitoka majini wanamshukuru Corbin. Ubao tulisafiri nao botini na haukubadilika, lakini Eroni hakuuliza tena, maana nilimhakikishia. Alidhani dada yake ameamua kupita tu mlangoni kwenda kijijini, wageni wazame upande wa pili, na boti kupita hakuna kosa. Kelera naye alidhani mambo yako palepale. Kila mmoja aliniamini.

Jumanne saa tatu tuliufikia mlango wa Nukusau. Wageni walikuwa wameshavaa, wamekaa ukingoni, mitungi mgongoni. Kelera alisimama mbele akitafuta mitumbwi ya kijiji. Hapakuwa na mtumbwi. Hapakuwa na mtu. Mti ulikuwa umesimama palepale, na kitambaa cheusi juu yake.

"Mwambie asimame," akaniambia.

Nikamwambia Eroni, akapunguza moto, akazima injini. Toka alipokaa yeye mpaka aliposimama dada yake ni hatua tano.

Kelera akasema niulize kwa nini mti haujang'olewa. Niliuliza. Eroni akanitazama mimi, si yeye, akasema hili neno alinipa wiki tatu kabla ya safari, mwamba ni Jumamosi. Nikageuka nimwambie Kelera, ingawa alikuwa amesikia kila herufi, maana hivyo ndivyo inavyokwenda. Na wakati tunarushiana maneno namna hiyo, moja kwenda, moja kurudi, Corbin alitazama saa yake. Alikuwa na dakika arobaini na tano alizopewa na Kelera mwenyewe. Akainua mkono, akahesabu tatu kwa lugha yao. Wageni wote wanane wakajirusha kinyumenyume majini.

Kelera alipiga kelele moja. Halafu akaruka nyuma yao na nguo zake, bila mtungi, bila mapezi, kisu mkononi, akimfuata wa karibu. Tulisikia kisu kikigonga mtungi wa mgeni chini ya maji, kooo, kooo, kuwaita warudi. Mmoja mmoja akawatoa, wengine wamekasirika, mmoja anauliza kama ameona papa. Aliporudi kwenye boti alikuwa ametapika maji. Corbin akamwambia, "Keli, umeniharibia." Sijui ni nini kilichonizuia kumtupa baharini na mtungi shingoni. Ni uoga, naweza kusema sasa. Nilikuwa naogopa atakaponigeukia Kelera.

Hakunigeukia. Akiwa bado amelowa, akauchukua ubao wake, akaufuta kwa kiganja chote, chaki ikamwingia kwenye mikunjo ya mkono. Akaniambia nimwambie nahodha tuende kijijini.

Wazee walisema mambo mafupi. Wazamiaji walikuwa wageni wa Kelera, safari ilikuwa yake, aliyeingia na kisu ni yeye. Kelera akakaa chini mbele yao na jino la nyangumi aliloachiwa na mama yake, lile la pekee, akaliinua kuomba msamaha. Wakamuuliza kama hakuletewa habari. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Eroni alikuwa pembeni yangu, ananitazama. Kelera akasema aliletewa, ila yeye ndiye aliyeipuuza.

Hapo ndipo mwanaume angesema. Mimi niliinama nikahesabu nyuzi za mkeka.

Wakalipokea jino, wakasamehe, na wakasema hesabu ianze upya, usiku wa kwanza. Jumamosi wajomba walifika na mikeka yao na nguruwe wawili. Kelera aliwapikia kwa mikono yake. Walikula nguruwe wao wenyewe, na samaki wa kopo. Mjomba mkubwa aliligeuza kopo akalitazama, akalirudisha chini taratibu, akala.

Hotelini hakurudi. Corbin amepata kijana mwenye vyeti, na mwaka huu tayari kijana huyo amewatia wageni kwenye mkondo unaotoka badala ya unaoingia, tukawaokota maili mbili nje. Hilo nalo litaandikwa kuwa ni bahati mbaya.

Usiku mia za pili zimekwisha, mwamba umefunguliwa, Kelera anaokota makombe na kikapu cha mama yake. Mwezi uliopita nilikwenda Nukusau. Nilimkuta barazani anakula muhogo. Nikanyoosha mkono, nikachukua kipande, nikasema, "Bibi kizee, umepika mawe leo."

Hakunipiga, hakunitupia ganda. Alisogeza sahani yote upande wangu. Akajipanga vizuri kwenye mkeka, akakunja viganja, akapiga makofi matatu.

"Semisi," akasema, "karibu. Kula, tafadhali."