Fundi Ssewanyana na Kizibo Alichokikuta Kwenye Hita ya Bawshar

Saa mbili asubuhi, Ssewanyana yuko juu ya ngazi, bafuni kwa watu, kichwa kimezama darini na tochi mkononi. Chini yake mwenye nyumba, Bi Hamdiya, anacheka. Amemwita fundi kwa sababu baridi imeanza, na hita ya maji ya kuogea inakoroma.

“Babu yetu akikoroma hivi tulikuwa tunamgeuza ubavu,” anamwambia. “Hii utaigeuza vipi, fundi?”

Ssewanyana hacheki. Anashuka polepole, anazima swichi iliyoko nje ya mlango, kisha anakwenda kwenye kisanduku cha umeme anazima na huko. Mlangoni amesimama Atheer, mtoto wake wa miaka mitano, taulo begani, anangoja kukoshwa.

“Mama, mtoe mtoto nje,” anasema fundi. “Na wewe toka. Bomba lolote lisifunguliwe.”

Ndivyo ilivyoanza siku ile Bawshar, mtaa wa Maskati huku Omani, na kina mama wenzangu, naomba msome mpaka mwisho.

Ssewanyana ni Mganda wa Masaka, fundi wa mabomba na hita katika karakana moja ya mtaa wa Ghala. Kiswahili alikipata Nairobi alikokuwa akichimba mitaro ya mabomba, na hapa Maskati kinamfaa, maana nyumba nyingi anazoitwa ni za watu wa asili ya Unguja. Anasema akibisha hodi kwa Kiswahili analetewa chai kabla hajafungua begi.

Siku ile chai aliinywea barazani, na hita ikisikika inanguruma ndani. Alikataa kuigusa mpaka ipoe. Bi Balqis, mama mkwe wa Bi Hamdiya, alikuja na gari lake kutoka mtaa wa Ansab akamchukua mjukuu. Akasema mtoto asilale na jasho, jioni atamkosha yeye huko kwake. Wote wakaona ni salama.

Sasa nieleze jambo ambalo sisi wa hapa tunalifanya bila kufikiri. Kiangazi, tangi la juu ya paa linapikwa na jua, maji ya bomba la baridi huunguza mkono. Basi tunaizima hita, na maji yaliyotulia ndani yake, darini penye ubaridi wa kiyoyozi, ndiyo tunayoogea. Miezi yote ile bomba lenye alama nyekundu, la maji moto, ndilo la baridi. Hita si hita tena, ni mtungi.

“Hapo ndipo kosa linapoingia,” anasema Ssewanyana. “Watu wanaichezea kama mtungi. Baridi ikija wanawasha, wamesahau walichoifanya.”

Alasiri hita ilikuwa imepoa, akapanda tena. Alikuta kidhibiti joto kimeganda, hakikati umeme hata maji yachemke vipi. Hilo huwa linatokea, na ndiyo maana hita ina vali ya usalama, kitundu cha kutema maji na mvuke joto likizidi. Akapeleka tochi kwenye kitundu. Kilikuwa kimezibwa kwa kizibo cha shaba, kimekazwa vizuri kabisa.

“Nilishuka nikakaa sakafuni,” anasema. “Kwetu maji yakichemka kifuniko cha sufuria kinacheza, unajua. Huyu mtu alikifunga kifuniko kwa kamba, halafu akaweka moto chini, halafu mtoto akakaa hapo anaoga.”

Bwana Marhoon, baba wa mtoto, aliporudi jioni kutoka kazini alikuta kizibo kiko mezani. Hakubisha. Alisema mwezi wa saba kile kitundu kilikuwa kinadondosha maji, dari inaota madoa, akanunua kizibo akaziba mwenyewe. Ikanyamaza, akafurahi. Hita ilikuwa imezimwa wakati ule, akaona haina madhara.

Akakichukua, akakigeuza kiganjani. Bi Hamdiya anasema aliiona rangi ya uso wa mumewe ikibadilika.

“Vilikuwa viwili kwenye pakiti,” akasema.

“Cha pili kiko wapi?” fundi akauliza.

“Kwa mama.”

Simu ya Bi Balqis iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena. Ikapokelewa, na nyuma yake kukasikika maji yanamwagika na Atheer anaimba.

“N'ko bafuni nnamkosha mtoto,” akasema bibi. “Mna nini nyie?”

Bi Hamdiya akamsukumia fundi simu. Fundi akaipokea, akamuuliza bibi kama hita imewashwa.

“Tangu alfajiri, mwanangu. Mifupa yangu haitaki baridi.”

“Bibi, mbebe mtoto hivyo hivyo alivyo. Toka naye. Zima swichi ya nje ya mlango, usirudi ndani.”

Walipofika Ansab walimkuta Bi Balqis amekaa barabarani miguu mitupu, mjukuu yuko ndani ya taulo, povu la sabuni limekauka kichwani. Alikuwa amekasirika, akadhani wanamfanyia mzaha, mpaka alipomwona mwanawe analia.

Hita ya Ansab haikuwa na hitilafu. Kidhibiti chake kilikuwa kizima, kinakata umeme kama inavyotakiwa. Lakini kitundu kilikuwa kimezibwa, na kizibo ni pacha wa kile cha Bawshar. Kati ya mtoto yule na mlipuko kilikuwa kimebaki kidude kimoja tu, na vidude hivyo, fundi anasema, huwa havitoi habari siku vinapokufa.

Ssewanyana ana mtoto wa kike Masaka, rika la Atheer. Usiku ule alimpigia simu. Nia yake ni kufungua karakana yake huko nyumbani. Kabla ya hapo ameweka nadhiri kwamba kila Ijumaa, siku yake ya kupumzika, atapita nyumba za Bawshar na Ansab kuuliza nani alipanda darini kuichezea hita wakati wa joto.

Vile vizibo viwili anatembea navyo mfukoni mwa shati. Akikaribishwa anaviweka mezani kwanza, kisha ndiyo anauliza. Wengine wanamcheka, wanamwambia anywe chai.

Ijumaa iliyopita mzee mmoja wa Ansab hakucheka. Alivishika, akavitazama, akavirudisha mezani. Kisha akainuka, akaenda kuzima swichi ya hita yake.